Tanaka Makiko, binti wa Kakuei: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu safari yake ya siasa Japani

Wengi wanaomkumbuka Tanaka Makiko wanamkumbuka kwa miezi tisa ya uwaziri wa mambo ya nje na kwa ulimi wake. Safari yake ni ndefu kuliko hapo, na inafundisha mengi kuhusu namna kiti cha bunge kinavyorithishwa Japani. Nitatangulia kusema ninavyoiona, msomaji aipime hoja hiyo njiani: Makiko alirithi jina la baba yake pamoja na maadui wa baba yake, lakini ule mtandao uliompa baba nguvu haukumfikia. Ndiyo maana alipanda haraka, na alipoanza kuporomoka hakukuwa na wa kumshika.

Ni nani, kwa kifupi?

Amezaliwa Januari 14, 1944, binti wa Tanaka Kakuei aliyekuwa waziri mkuu wa Japani kuanzia 1972 hadi 1974. Aliingia Baraza la Wawakilishi, ambalo ndilo baraza la chini la Bunge, mwaka 1993. Aprili 2001 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza wizara ya mambo ya nje ya Japani, na Januari 2002 akafukuzwa. Agosti mwaka huo akajiuzulu ubunge, 2003 akarudi, Oktoba 2012 akawa waziri wa elimu, na Desemba akashindwa uchaguzi. Wajapani hutanguliza jina la ukoo. Hapa nitawaita Makiko na Kakuei, kama wenyewe wanavyowaita.

Baba yake alikuwa na nini hata jina lake libebe uzito hivyo?

Huwezi kumwelewa binti bila kumjua Kakuei. Alizaliwa 1918 katika kijiji cha mkoa wa Niigata, upande wa Bahari ya Japani, ambako theluji ya msimu wa baridi huzika nyumba hadi paa na kufunga barabara kwa miezi. Baba yake alikuwa mchuuzi wa mifugo aliyepoteza mali. Kijana akaenda Tokyo kutafuta kazi, akasoma shule ya ufundi usiku, akaanzisha kampuni ya ujenzi wakati wa vita, na 1947 akaingia bungeni. Hakukanyaga chuo kikuu, katika nchi ambayo vyeo vya juu vilikuwa karibu mali ya wahitimu wa Chuo Kikuu cha Tokyo. Alipokuwa na miaka 39 alikuwa tayari waziri.

Katika kampeni zake za mwanzo aliwaambia wanakijiji kwamba milima ya Mikuni ikilipuliwa kwa baruti, pepo za baridi zitapita hadi upande wa Pasifiki na Niigata haitaona theluji tena, na udongo utakaopatikana utafukia bahari hadi kisiwa cha Sado. Hakuna aliyetegemea kuona mlima ukilipuliwa. Walichosikia ni mtu wa kwanza kuichukulia theluji yao kuwa jambo la serikali. Na kweli alileta: barabara, mahandaki, madaraja, na treni ya mwendo kasi ya Joetsu iliyofika Niigata mwaka 1982.

Chama cha wafuasi wake, Etsuzankai, kilikuwa na wanachama zaidi ya 90,000 kilipokuwa kileleni. Kiliwatafutia watu kazi, kilihudhuria harusi na mazishi yao, na kiliwaleta kwa mabasi hadi nyumbani kwake Mejiro, Tokyo, wakamwone mbunge wao akiwa amevaa mitalawanda pembeni ya bwawa lake la samaki. Asubuhi waombaji walipanga foleni pale nyumbani, na Kakuei alijulikana kwa kumpa mtu jibu lake papo hapo, ndiyo au hapana.

Septemba 1972 alikwenda Beijing na kurudisha uhusiano wa kibalozi kati ya Japani na China. Mwishoni mwa 1974 aliachia ngazi baada ya jarida moja kuchapisha uchunguzi wa fedha zake. Julai 1976 akakamatwa katika kashfa ya Lockheed: alidaiwa kupokea yeni milioni 500 ili shirika la ndege la ANA linunue ndege za kampuni hiyo ya Kimarekani. Oktoba 1983 mahakama ikamhukumu miaka minne jela. Alikata rufaa, na miezi miwili baadaye wapiga kura wa Niigata wakamrudisha bungeni kwa kura zaidi ya 220,000. Watu wa mbali waliona aibu. Wenyeji walikuwa wanalipa deni la barabara.

Makiko alilelewa kuwa mwanasiasa?

Hakuna aliyemwandaa rasmi. Kaka yake alifariki akiwa mtoto mdogo, akabaki yeye. Akapelekwa Marekani akasoma sekondari Philadelphia, kisha akahitimu Chuo Kikuu cha Waseda mwaka 1968. Aliwahi pia kujifunza uigizaji katika kikundi cha tamthilia, na aliyemwona jukwaani wakati wa kampeni hawezi kushangaa: alijua lini anyamaze, lini ashushe sauti, na lini aachie neno lichome.

Shule yake ya siasa ilikuwa ile nyumba ya Mejiro. Mama yake, Hana, hakupenda safari za kiserikali, hivyo Kakuei alipokuwa waziri mkuu ni binti aliyeandamana naye ziara za nje, akikaa mahali ambapo kwa kawaida hukaa mke wa kiongozi. Hakuwa amefika miaka 31. Aliwaona wakuu wa dunia kwa karibu, na aliwaona pia wanaume wa LDP, chama tawala, wakimwinamia baba yake. Wengi wao alikuja kuwakuta bungeni miaka ishirini baadaye.

Ni kweli kwamba alimficha baba yake?

Ndivyo wapinzani wake walivyosema, na naona wanamwonea.

Hata baada ya hukumu, Kakuei aliendelea kuwa na kambi kubwa kuliko zote ndani ya LDP, na hakuna aliyekuwa waziri mkuu bila baraka yake. Wasaidizi wake walianza kuchoka kusubiri. Februari 7, 1985, Takeshita Noboru, mmoja wa watu wake wa karibu, aliunda kikundi chake ndani ya kambi hiyo. Siku ishirini baadaye Kakuei alipigwa na kiharusi kilichomwondolea uwezo wa kuzungumza vizuri.

Miezi miwili hivi baadaye Makiko alimtoa hospitali akamleta nyumbani. Akafunga ofisi yake ya siasa, akawaondoa makatibu wa miaka mingi, na geti la Mejiro likafungwa. Siku ya mwaka mpya 1987, Takeshita alikwenda kutoa salamu. Hakufunguliwa. Mwezi Novemba mwaka huohuo akawa waziri mkuu.

Kwa makatibu wale na kwa wabunge wa kambi, binti alikuwa amevunja kwa hasira nyumba iliyojengwa kwa miaka arobaini. Jiweke lakini upande wake. Baba hawezi kutamka sentensi, na kila anayebisha hodi anataka neno moja au ishara moja aende kuitumia kwenye vita vya urithi. Aliyemfungia geti Takeshita alikuwa analinda mgonjwa. Gharama yake ilikuwa kubwa, na aliilipa baadaye: watu ambao wangemsaidia kama mwanasiasa ndio aliowafukuza kama mtoto.

Mume wake naye ni mwanasiasa. Kwa nini hakurithi yeye?

Mume, Naoki, ni mtoto wa mbunge wa Fukushima aliyeitwa Suzuki Naoto. Walioana 1969 naye akachukua jina la Tanaka, jambo linalofanyika Japani pale familia isiyo na mtoto wa kiume inapotaka jina liendelee. Alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 1983 kwa upande wa Fukushima alikotoka, baadaye akahamia baraza la juu akiwakilisha Niigata, na 2012 akawa waziri wa ulinzi kwa miezi michache. Jimbo la Kakuei lenyewe alilichukua binti.

Siasa za kurithi Japani hufanyaje kazi?

Japani si ufalme wa wanasiasa. Kiti hupigiwa kura kila mara. Kinachorithishwa ni vifaa vya kushindia, na Wajapani huvitaja vitatu: wafuasi waliopangwa jimboni, jina linalofahamika, na fedha. Vyote vitatu hukaa ndani ya chama cha wafuasi, kitu ambacho ni mali ya mwanasiasa mwenyewe na si cha chama chake cha siasa. Mzee anapostaafu au kufariki, viongozi wa chama hicho hukaa kikao wakitafuta wa kumpeleka mbele, na mara nyingi mtoto ndiye asiyewagawa. Fedha zilizo kwenye taasisi ya kisiasa ya mzazi zinaweza kuhamishiwa taasisi ya mtoto bila kodi ya mirithi, tofauti na nyumba au shamba.

Kuna pia karatasi ya kura. Mjapani hawekei alama picha wala nembo. Anaandika kwa mkono jina la mgombea. Mtu ambaye jina la ukoo wake limeandikwa na wapiga kura walewale tangu 1947 ana faida ambayo mgeni ataifikia kwa jasho jingi.

Basi Makiko alivipata vyote vitatu?

Jina alilipata lote. Mengine hayakumfikia mazima. Kakuei aliacha ubunge kwenye uchaguzi wa 1990, na Etsuzankai ikavunjwa mwaka huohuo. Madiwani, makandarasi na mameya waliokuwa uti wa mgongo wake walitawanyika, kila mmoja akatafuta mlango mwingine. Tokyo, kambi ilikuwa imeshachukuliwa na Takeshita.

Julai 1993 aligombea Niigata akiwa mgombea binafsi, bila tiketi ya LDP, akaongoza katika jimbo lake. Hiyo ilikuwa nguvu ya jina na nguvu ya mtu mwenyewe anapopanda jukwaani. Uchaguzi ule ulipeleka wanawake 14 tu kwenye baraza la viti 511, kwa hiyo tusilichukulie ushindi wake kuwa kitu alichowekewa mezani. Baadaye akajiunga na LDP. Kakuei aliishi kuuona ushindi huo; alifariki Desemba 16, 1993, rufaa yake ikiwa bado haijaamuliwa.

Tangu hapo hadi mwisho, Makiko hakuwa na kambi. Katika LDP ya miaka ile, kambi ndiyo iliyokupa uwaziri, ndiyo iliyokusaidia fedha za uchaguzi, na ndiyo iliyosimama nyuma yako ukikosea. Yeye alikuwa na kamera za televisheni.

Kabla ya 2001 alifanya nini?

Juni 1994, akiwa na mwaka mmoja tu bungeni, aliingia baraza la mawaziri la waziri mkuu Murayama Tomiichi akiongoza Wakala wa Sayansi na Teknolojia. Mbunge wa awamu ya kwanza kupewa nafasi hiyo lilikuwa jambo la nadra, maana LDP ilipanga uwaziri kwa zamu, na zamu hufika baada ya kushinda mara tano au sita.

Kazi yake iliyodumu zaidi lakini ni sheria ya 1997, na inanisikitisha kwamba haitajwi sana. Aliusukuma muswada unaomtaka kila anayeomba leseni ya kufundisha shule ya msingi au ya kati apitie kwanza siku saba za kuhudumia watu: kwa kawaida siku mbili katika shule ya watoto wenye ulemavu, na siku tano katika kituo cha wazee au cha huduma za jamii. Ilianza kutumika 1998. Mwanachuo wa miaka ishirini anaingia kituo cha wazee, anamshikia kijiko mtu ambaye mkono wake hautii, anasubiri ameze, anafuta kidevu, anajaza kijiko tena. Anasukuma kiti cha magurudumu. Anasikiliza hadithi ileile mara ya tatu bila kumkatiza mzee. Ndipo aruhusiwe kusimama mbele ya darasa.

Makiko alikuwa amemhudumia baba aliyepooza kwa zaidi ya miaka minane. Alijua ni nini kinamtokea mtu anayehudumia, na akaona mwalimu anahitaji kukionja. Vyuo vililalamika kuhusu ratiba na vituo kuhusu wingi wa wageni, lakini sheria ingali inafanya kazi, na walimu wengi waliopita mlango huo hawajui kwamba aliyeufungua ni yeye.

Ni maneno gani yaliyompa umaarufu nchi nzima?

Mwaka 1998 LDP ilikuwa inatafuta rais wa chama, ambaye ndiye angekuwa waziri mkuu, na wagombea walikuwa watatu: Obuchi Keizo, Kajiyama Seiroku na Koizumi Junichiro. Makiko aliwapa kila mmoja jina. Obuchi alikuwa mtu wa kawaida, Kajiyama mwanajeshi, Koizumi mtu wa ajabu. Kwa Kijapani majina hayo matatu yana vina, yakashika kama wimbo, na yakaingia miongoni mwa misemo iliyotuzwa mwaka ule. Kajiyama kweli alisomea jeshi. Obuchi ndiye aliyeshinda.

Ulimi huohuo uliumiza pia. Obuchi alipokuwa ameshafariki, Makiko alimzungumzia kwenye kampeni kwa namna iliyowachoma wafiwa, akalazimika kuomba radhi. Kipaji cha kumfinyanga mtu kwa neno moja hakikujua pa kuishia, na nadhani ndilo lililowafanya wenzake wamwogope bila kumpenda.

Kwa nini Koizumi alimpa wizara ya mambo ya nje?

Ilikuwa deni. Aprili 2001 Koizumi aligombea tena urais wa chama dhidi ya Hashimoto Ryutaro, aliyeongoza kambi kubwa kuliko zote. Kambi ya Hashimoto ndiyo iliyotokana na ya Takeshita, na ya Takeshita ilichimbuliwa kutoka kwa Kakuei. Kwa hiyo Makiko aliposimama juu ya gari la kampeni pamoja na Koizumi kuishambulia LDP ya zamani, alikuwa anapigana pia na waliomgeuka baba yake. Umati ulifurika mitaani. Wanachama wa mikoani wakampigia Koizumi kura kwa wingi hata wabunge wakashindwa kwenda kinyume.

Koizumi mwenyewe ni wa kizazi cha tatu: babu yake alikuwa waziri, baba yake aliongoza Wakala wa Ulinzi. Jukwaani, watoto hawa wawili wa familia za siasa walionekana kuwa watu wa nje waliokuja kufagia. Baraza jipya la mawaziri lilikuwa na wanawake watano, na kura za maoni zikawa zaidi ya asilimia 80 ya wanaoliunga mkono.

Ni nini kilikwenda mrama wizarani?

Aliikuta wizara ikinuka. Mwezi Machi afisa mmoja alikuwa amekamatwa kwa kujichotea fedha za siri za diplomasia, ambazo nyingine zilinunua farasi wa mashindano. Makiko aliiita wizara pango la mashetani na kusimamisha uhamisho wa watumishi. Mkuu wa zamani wa idara ya Urusi, aliyekuwa ameshaondoka kwenda kituo chake kipya London, aliamriwa kugeuza arudi Tokyo. Wananchi walishangilia. Kwa mara ya kwanza mtu aliwauliza wanadiplomasia hesabu za fedha za umma mbele ya kila mtu.

Shida ni kwamba kazi ya waziri wa mambo ya nje haiishii kwenye korido za wizara. Mwezi Mei alifuta mkutano na Richard Armitage, naibu waziri wa Marekani aliyekuja kueleza mipango ya ulinzi dhidi ya makombora, akaja kusema alikuwa amechoka. Mazungumzo yake na mawaziri wa nchi nyingine yakaanza kuvuja magazetini, bila shaka kutoka kwa watumishi aliokuwa anapigana nao. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, aliwatajia waandishi wa habari mahali ambapo watumishi wa wizara ya nje ya Marekani walikuwa wamehamishiwa kwa usalama. Hilo halikuwa hila ya mtu. Lilikuwa kosa lake, na zito.

Yeye ndiye aliyeshughulikia suala la Kim Jong-nam?

Ndiyo, siku zake za kwanza kazini. Mei 1, 2001 mtoto wa kwanza wa kiongozi wa Korea Kaskazini alizuiwa uwanja wa ndege wa Narita akiwa na pasipoti bandia ya Jamhuri ya Dominika, akisema anakwenda Disneyland ya Tokyo. Makiko alitaka aondoshwe haraka kabla jambo halijakua, na Mei 4 alipandishwa ndege kwenda China. Mpaka leo wapo Wajapani wanaoona ilikuwa fursa iliyotupwa, hasa kwa sababu ya raia wao waliotekwa na Korea Kaskazini.

Alifukuzwaje?

Januari 2002 Tokyo ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kimataifa wa kuijenga upya Afghanistan. Mashirika mawili ya Kijapani yasiyo ya kiserikali yalizuiwa kushiriki. Makiko aliliambia Bunge kwamba katibu mkuu wa wizara yake, Nogami Yoshiji, alimweleza kuwa aliyeshinikiza ni mbunge Suzuki Muneo, mtu mwenye sauti kubwa katika mambo ya wizara hiyo. Nogami akakana kusema hivyo. Waziri na katibu mkuu wake wakawa wanapingana mbele ya taifa, kila mmoja na lake.

Makiko alitokwa machozi mbele ya waandishi. Koizumi akasema machozi ni silaha kubwa kuliko zote ya mwanamke. Usiku wa Januari 29 aliwaondoa wote wawili, waziri na katibu mkuu, na Suzuki akaachia uenyekiti wa kamati ya Bunge. Nafasi ilichukuliwa na Kawaguchi Yoriko, baada ya Ogata Sadako, aliyewahi kuongoza shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, kuikataa.

Uungwaji mkono wa Koizumi, uliokuwa zaidi ya asilimia 70, ukaanguka hadi karibu 50 ndani ya siku chache. Makiko alilieleza jambo lenyewe hivi: aliambiwa afanye kazi apendavyo, alipotaka kusonga akahisi sketi yake imekanyagwa, akageuka kumtazama anayeikanyaga, akakuta ni yuleyule aliyemwambia aende.

Aliangushwa, au alijiangusha?

Yote mawili, ila hayana uzito sawa. Watu wa wizara walivujisha siri za mazungumzo yake kwa makusudi, na kuhusu Suzuki Muneo hakuwa anaota: mwaka huohuo Suzuki alikamatwa kwa tuhuma za hongo, na baadaye akafungwa. Waziri aliyenyoosha kidole mahali sahihi ndiye aliyetolewa kwanza.

Hata hivyo waziri anayetaka kusafisha wizara huhitaji watu ndani yake. Huchagua maafisa watano, kumi, waliochoka na uoza ule, akawalinda na kuwapa kazi. Makiko hakuwa na hao, na kwa namna alivyowatendea watumishi wa chini hangewapata. Kakuei aliyakariri majina ya maafisa wa wizara, mwaka waliohitimu, wake zao na watoto wao, na walimfanyia kazi usiku kucha. Binti alikuwa ameona pia upande mchafu wa mapenzi yale, yaani fedha zilizoyalainisha. Aliyatupa pamoja, uchafu na ustadi.

Kesi ya mishahara ya makatibu ilikuwaje?

Majira ya kuchipua 2002, jarida moja lilidai kwamba mishahara ambayo serikali huwalipa makatibu wa wabunge haikuwafikia yote makatibu wake, ikipitia kampuni ya familia. LDP ilimsimamisha uanachama kwa miaka miwili, na Agosti 9 akajiuzulu ubunge. Mwaka 2003 waendesha mashtaka waliamua kutomshtaki.

Alirudije?

Novemba 2003 alisimama Niigata akiwa mgombea binafsi kama alivyoanza, akashinda. Akarudia 2005, wakati Koizumi alipokuwa anawazoa wapinzani wake nchi nzima. Agosti 2009 yeye na mumewe walijiunga na DPJ, chama cha upinzani kilichokuwa karibu kuing'oa LDP, na kilipochukua serikali akapewa uenyekiti wa kamati ya elimu. Watu wa Niigata waliomchagua hawakuwa wanafuata chama. Walikuwa wanaandika jina lilelile.

Ni yeye aliyekataa vyuo vikuu vitatu?

Ndiye. Oktoba 2012 waziri mkuu Noda Yoshihiko alimpa wizara ya elimu. Novemba 2 akatangaza kuvinyima kibali vyuo vitatu vipya, vya Akita, Sapporo na Okazaki, ingawa baraza la wataalamu lilikuwa limeshavipitisha, majengo yapo na wanafunzi wanajiandaa kuomba nafasi. Hoja yake ilikuwa na ukweli: nchi yenye vijana wanaopungua ilikuwa na vyuo vikuu karibu 800, na vingine havikujaza madarasa. Lakini aliubana mlango kwa watu waliofuata kila utaratibu waliopewa. Ndani ya wiki moja akarudi nyuma, na vyuo vyote vitatu vikafunguliwa Aprili 2013.

Aliyemshinda 2012 ni nani?

Nagashima Tadayoshi wa LDP, aliyewahi kuwa mkuu wa kijiji cha Yamakoshi. Tetemeko la Oktoba 23, 2004 liliporomosha milima ya huko na kukata barabara zote, kijiji kizima kikahamishwa kwa helikopta, watu zaidi ya 2,000. Nagashima alikaa nao katika nyumba za muda hadi walipoanza kurudi. Desemba 16, 2012 DPJ ilibaki na viti 57 kutoka 230, na mawaziri wanane wakaangushwa. Kwa hiyo wimbi lilikuwa kubwa kuliko Makiko. Lakini naona ni haki kusema kwamba wapiga kura wale, waliofundishwa na Kakuei kutazama nani anakuja theluji inapowafunga, walimpata mtu wa namna hiyo, naye hakuwa wa ukoo wa Tanaka.

Nyumba ya Mejiro bado ipo?

Iliteketea Januari 8, 2024. Makiko na mumewe walikuwemo na walitoka salama. Sehemu ya kiwanja cha zamani ilikuwa imeshakuwa bustani ya umma.

Kuna mtoto wake aliyechukua kiti?

Hapana. Mstari wa damu katika jimbo lile uliishia kwake.

Ushawishi wa Kakuei lakini ulipita pia nje ya familia. Mwaka 1981 alifariki Ishiba Jiro, gavana wa zamani wa Tottori na rafiki yake. Kakuei alimwita mtoto wa marehemu, kijana wa benki, akamtaka arithi njia ya baba yake. Kijana huyo, Ishiba Shigeru, aliingia bungeni 1986 na akawa waziri mkuu Oktoba 2024. Alipoondoka mwaka mmoja baadaye, nafasi ilikwenda kwa Takaichi Sanae, mwanamke wa kwanza kuishika, ambaye hakutoka familia ya wanasiasa.